Lumbesa ya rangi: acheni kumsingizia mchapaji

Mara nyingi jalada la kitabu haliharibikii kiwandani. Linaharibika siku mwandishi anapojibu "sawa, chapeni" huku anatazama kioo cha simu.

Najua kauli hii itawaudhi waandishi wenzangu wa Korogwe na Handeni, kwa sababu kila tunapokutana wimbo ni uleule. Mtu ametunza mswada miaka minne, amekopa hela za kuuchapa, boksi limefika na basi kutoka Dar es Salaam. Analifungua palepale stendi na kukuta uso wa bibi aliyepo kwenye jalada umekuwa kama mkaa. Udongo mwekundu wa Handeni umegeuka tope. Mkonge, wenye kijani chake cha majivu, umekuwa kijani cha kabichi. Basi laana zote zinamwendea mchapaji: mwizi, kabana wino, mashine zake mbovu. Na sisi tunaitikia amina. Jamani, tuache.

Watu wa huku hatuhitaji kufundishwa maana ya kipimo. Mkulima wa mahindi wa Kwaluguru anaijua lumbesa vizuri kuliko mimi: gunia lililojazwa likavishwa kilemba juu, halafu bei ikabaki ya gunia moja. Tumelalamika miaka nenda rudi, na sheria ikasema gunia lisizidi kilo 100. Wakala wa Vipimo wanakagua mizani na kuitia alama. Leo mnunuzi akisimama sokoni Mkata akasema "niaminini, mimi nakadiria kwa jicho," atazomewa mpaka apande gari lake. Lakini dizaina mwenye kompyuta ya mtumba, ambayo kioo chake hakijapimwa tangu kilipotoka kiwandani, akisema "rangi iko poa," tunamlipa na kumshukuru. Hiyo nayo ni lumbesa, na tunajijazia wenyewe.

Tuangalie kinachotokea, maana hasira bila maarifa haitusaidii.

Kioo cha kompyuta kinatoa mwanga. Kinachanganya nyekundu, kijani na bluu, na rangi zikizidi ndivyo kinavyozidi kung'aa. Karatasi haiwaki. Inarudisha tu mwanga unaoiangukia, na wino wa samawati, majenta, njano na mweusi kazi yake ni kupunguza mwanga huo. Kwa hiyo zipo bluu na kijani kali ambazo kioo kinaweza kuzionyesha na karatasi haitaziweza kamwe, hata umpeleke mchapaji Ulaya akasomee.

Kibaya zaidi, vioo vingi vinatoka kiwandani vimewekwa vipendeze dukani: vinang'aa mno na vinaelemea bluu. Ukitazama picha kwenye kioo cha namna hiyo, uso wenye giza unaonekana una nuru ya kutosha, basi huuongezi mwangaza. Karatasi inaposema ukweli, uso unazama. Ndiyo siri ya bibi aliyegeuka mkaa. Mchapaji huenda hakubana hata tone la wino. Alichapa giza lilelile lililokuwemo kwenye faili, ambalo kioo chako kilikuficha. Na simu ndiyo usiseme: nyingi zinakoleza rangi makusudi, zinabadilisha mwangaza zenyewe kila unapotoka kivulini, na usiku zinajitia unjano eti kulinda macho. Juu ya hayo, picha imepitia WhatsApp na kubanwa. Hapo ndipo tunapotolea idhini ya kuchapa nakala mia tano!

Dawa yake inajulikana na wala si uchawi. Kuna kifaa kidogo, kolorimita, unachokilaza juu ya kioo. Programu inaonyesha vipande vya rangi kimoja kimoja, kifaa kinasoma kilichotokea kweli, halafu programu inaandika faili liitwalo profaili. Profaili inaiambia kompyuta: kioo hiki kinadanganya kiasi hiki upande wa bluu, kirekebishe. Lugha ya profaili hizi ni moja dunia nzima, tangu kampuni kadhaa, zikiwemo Apple, Adobe na Kodak, zilipounda chombo cha pamoja kiitwacho ICC mwaka 1993.

Kwa kazi ya uchapaji, mwangaza hushushwa hadi kati ya kandela 80 na 120 kwa mita ya mraba, na weupe wa kioo unalinganishwa na weupe wa karatasi chini ya taa ya kelvini 5000, ambayo ndiyo taa ya kawaida ya kukagulia machapisho. Kioo kiwashwe nusu saa kabla ya kupimwa, na kipimo kirudiwe kila mwezi, kwa sababu kioo kinazeeka kama sisi.

Ila kusawazisha ni nusu ya kazi. Nusu ya pili, ambayo hata wanaojiita wataalamu wanairuka, ni kuhakiki. Chukua kitu kilichokwisha kuchapwa, pamoja na faili lake lilelile, ukiweke kando ya kioo chini ya taa nzuri, ulinganishe. Kama havifanani, usiendelee. Fundi wa mizani hapigi muhuri kwa kuitazama tu mizani, anaweka jiwe analolijua uzito wake. Kioo chako nacho kinataka jiwe lake.

Sasa atatokea bwana mmoja aseme: mbona jicho langu linatosha, nimefanya kazi hii miaka ishirini? Bwana mkubwa, jicho ni shahidi mwepesi kurubuniwa. Kaa chumba chenye kuta za kijani kwa dakika kumi, jicho litazoea na kuanza kukusahihishia bila kukuuliza. Tena jicho linaona kile linachokikumbuka. Kiswahili chetu kina "rangi ya machungwa", lakini nenda Michungwani au Kabuku uone chungwa lenyewe. Limeiva, ni tamu, na ganda bado kijani, kwa sababu huku hakuna usiku wa baridi wa kuliondoa kijani hicho. Dizaina akiletewa picha ya kapu la machungwa yetu ataona "kosa", ataivuta picha mpaka machungwa yawe kama ya kwenye boksi la juisi. Hapo amerekebisha kumbukumbu ya tangazo la biashara. Kapu la Handeni limepotea.

Na hapa ndipo suala hili linapoacha kuwa la mafundi peke yao na kutuhusu sisi wasomaji wa fasihi. Kuanzia miaka ya 1950, maabara zilizosafisha picha za Kodak zilisawazisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu. Kadi ziliitwa Shirley. Ngozi yake ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa iko sawa, na ngozi nyeusi ilijitafutia yenyewe. Mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, aliyeandika habari hizi mwaka 2009, anaeleza kwamba miongoni mwa waliolalamika ni watengeneza samani na chokoleti, ambao mbao na pipi zao za kahawia zilikuwa hazitofautiki kwenye picha. Kadi zenye watu wa rangi mbalimbali zilikuja kuzoeleka katikati ya miaka ya 1990. Lipo fundisho kubwa: kila kipimo kimetengenezwa na mtu aliyekuwa anamfikiria mtu fulani. Ukikataa kupima, hujawa huru. Umekubali tu kipimo alichokuwekea mwenye kiwanda, na huenda wewe hukuwemo kichwani mwake.

Tunagombana wiki nzima kama neno liandikwe "lakini" au "ila", halafu uso wa bibi yetu, ambao msomaji atauona kabla ya neno la kwanza, tunauachia bahati nasibu. Huo ni uandishi gani?

Najua pingamizi linalofuata: "mchagua jembe si mkulima". Vifaa hivi ni anasa, sisi ni watu wa kijijini, tutavipata wapi? Nakataa. Kolorimita ya kawaida kwa bei haifiki gharama ya kurudia kuchapa hata toleo dogo, na si lazima kila mtu awe na yake. Moja inawatosha waandishi na madizaina wa wilaya mbili, ikizunguka kama mashine ya kupukuchua mahindi. Programu kama DisplayCAL ni ya bure. Na asiyeweza hata hilo ana yasiyo na bei: ashushe mwangaza wa kioo, azime kichujio cha usiku, afunge pazia, aache kuidhinisha jalada kwa simu, na adai prufu ya karatasi. Prufu iwe kwenye karatasi ileile itakayotumika, maana karatasi isiyong'aa inanyonya wino na kufifisha kila kitu. Aitazame mchana kivulini, aiweke sahihi, abaki na nakala.

Pia tujichapie jiwe letu la mizani: ukurasa mmoja wenye nyuso zetu, za weusi wa kila aina, udongo wa Handeni, jani la mkonge, kanga mpya na kapu la machungwa ya kijani. Ukurasa huo ukae kando ya kila kompyuta inayotengeneza majalada huku kwetu.

Wachapaji nao wasifikiri wamepona. Mchapaji anayesema "leta PDF tu, mengine niachie" ni ndugu wa yule anayekadiria kwa jicho. Amwambie mteja mapema mashine yake inatumia profaili ipi na karatasi gani. Atoe prufu bila kununa, halafu nakala zisipofanana na prufu iliyotiwa sahihi, arudie kwa gharama yake. Mwenye prufu mkononi ana haki ya kupiga kelele, na mimi nitapiga naye.

Asiye nayo atuache. Hajaibiwa na mtu. Alikwenda sokoni bila mizani, na sokoni ukienda hivyo unajua utakachorudi nacho.