Rumonge: Ufuko Usiolindwa kwa Bunduki Peke Yake

Askari anayehamishiwa Rumonge huonyeshwa kwanza lindo lake, kisha ziwa na barabara. Hayo ni ya lazima, bali hayatoshi. Mlinzi asiyeijua ardhi na historia ya mahali alipowekwa aweza kuvuruga amani aliyotumwa kuilinda.

Tuanze na ardhi. Mji wa Rumonge uko zaidi ya kilomita 70 kusini ya Bujumbura, katika tambarare ya Imbo iliyobanwa baina ya Ziwa Tanganyika na milima. Ziwa hili lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina kipatacho mita 1,470; duniani ni Baikal tu linalolishinda kwa kina. Burundi, Tanzania, Kongo na Zambia zinalishiriki. Basi maji haya ni mpaka, na papo hapo ni njia: dagaa, mawese na lugha ya Kiswahili vilisafiri humo kabla ya kuwapo forodha.

Njia hiyo iliwaleta pia wenye silaha. Katika karne ya 19 Rumaliza wa Ujiji alitaka kuitiisha Burundi, akazuiwa na watu wa Mwami Mwezi Gisabo. Baadaye walikuja Wajerumani, na mwaka 1916 Wabelgiji wakawaondoa.

Lakini jeraha linalomhusu zaidi askari wa leo ni la mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili uasi ulizuka Rumonge na Nyanza-Lac, raia wakauawa. Ukandamizaji uliofuata ulienea nchi nzima na kuua watu wengi zaidi. Makadirio huanzia makumi ya maelfu na kupita 100,000. Wengine wengi walikimbilia Tanzania. Nyuma yao mashamba na michikichi yao ikapewa watu wengine.

Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulitambua haki ya wakimbizi kurejea na kurudishiwa mali, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi. Waliorejea waliwakuta wakazi waliokwisha kulima hapo miaka 30, baadhi yao wakiwa wamewekwa na serikali yenyewe. Mmoja aonyesha kaburi la babu yake. Mwingine aonyesha hati. Hakuna mwizi kati yao.

Askari aitwaye katika ugomvi wa namna hiyo asijifanye hakimu. Awatenganishe wagomvi, azuie mapanga, awasikilize wote wawili kwa adabu, kisha awaelekeze kwenye vyombo vya sheria. Akiegemea upande mmoja, atafufua mwaka 1972 katika kijiji kizima.

Mipaka ya utawala hubadilika: Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na tangu mwaka 2025 mji huo umo katika mkoa wa Burunga. Wananchi na kumbukumbu zao wamebaki palepale. Hao ndio tuliokabidhiwa, ndugu askari, na kuwajua ni sehemu ya kazi yetu.