KARAKANA YA NYUMBANI: Gari la Marehemu na Miguu Mipya

Ndugu msomaji, Jumapili iliyopita nilikuahidi kwamba leo tutazungumza juu ya redieta zinazovuja. Naomba radhi kwa kuliahirisha jambo hilo hadi juma lijalo, kwani limezuka lingine lenye uzito zaidi, linalohusu uhai wa watoto na amani ya nyumba moja.

Jirani yangu mmoja, mwalimu wa shule ya sekondari, alirithi kwa marehemu baba yake gari aina ya Volkswagen la mwaka 1965, lile dogo lenye mgongo wa mviringo kama kobe na injini yake nyuma. Mwezi wa Desemba aliwachukua watoto wake wawili kwenda kumwamkia bibi yao huko Lushoto. Siku ya kurudi, wakiteremka kutoka Soni kuelekea Mombo, alikuta mbuzi amesimama katikati ya kona. Alitoa mguu kwenye mafuta, akakanyaga breki ilhali usukani bado ameukata. Anasimulia kwamba aliisikia nyuma ya gari ikiinuka kama mtu anyanyukaye kitini. Mara gari likazunguka, likasimama likitazama lilikotoka. Gurudumu moja lilikuwa hatua tatu kutoka ukingo wa bonde. Hakuna aliyeumia, lakini tangu siku hiyo mtoto mdogo hataki kupanda gari hilo.

Nyumba ikagawanyika. Mwalimu anataka kulitoa gari springi na ekseli zake za nyuma na kulitia za kisasa. Mkewe anataka liuzwe. Mama mzazi amekataa yote mawili. "Baba yenu aliliendesha miaka thelathini wala halikupinduka," asema. "Kosa ni la dereva, si la gari." Wakaniomba niwaamue, nami nikaona heri jibu langu walisome na wengine, maana magari ya namna hiyo bado yamo katika nyua nyingi, na vijana wetu wamerudiwa na mapenzi ya kuyafufua.

KASORO ILIPO

Hapana budi kwanza tuelewe jinsi gari hilo lilivyoundwa. Ndugu msomaji, simama wima, unyoshe mikono yako kushoto na kulia, na viganja uvisimamishe vidole vikielekea juu. Usikunje kiwiko wala kifundo cha mkono. Mabega yako ndiyo jointi mbili zilizoko kando ya giaboksi. Mikono ndiyo ekseli. Viganja ndiyo magurudumu. Sasa iteremshe mikono kidogo. Utaona kwamba vidole vinaegemea nje, na sehemu ya chini ya kiganja inaingia ndani.

Hivyo ndivyo zilivyo ekseli za nyuma za gari lile. Kila upande una jointi moja tu, nayo ipo penye giaboksi. Gurudumu haliwezi kupanda wala kushuka bila kuinama. Katika barabara iliyonyoka jambo hilo halina madhara. Lakini gari likiingia kona kwa kasi, gurudumu la nje husukumwa na barabara kuelekea ndani. Msukumo huo huinyanyua nyuma ya gari. Nyuma ikinyanyuka, gurudumu hujikunja chini yake. Likijikunja, tairi hukosa kushika barabara vizuri. Dereva akitoa mguu kwenye mafuta au akikanyaga breki wakati huo, uzito wa gari hukimbilia mbele na nyuma huzidi kuinuka. Tukikumbuka kwamba karibu sehemu tatu kwa tano za uzito wa gari hilo ziko nyuma, tutaelewa kwa nini huzunguka ghafla namna ile.

Yapasa ieleweke kwamba kasoro hii haikuwa ya Volkswagen peke yake. Mwaka 1965 Ralph Nader, mwanasheria wa Marekani, alitoa kitabu kilichowashtua watu wengi, na sura yake ya kwanza ililishutumu gari la Chevrolet Corvair la miaka ya 1960 hadi 1963, lililokuwa na ekseli za jamii hiyo hiyo. Hata Mercedes-Benz walitumia ekseli za jamii hiyo katika magari mengi, mpaka walipoanza kuziacha mwaka 1968.

KIWANDA CHENYEWE KILIBADILI

Hapa ndipo ninapomwomba mama wa mwalimu anisikilize kwa makini. Mabadiliko anayoyataka mwanawe si ushenzi wa vijana. Wenye kiwanda wenyewe waliyafanya. Mwezi Agosti 1966 walianza kutia fimbo ya chuma ya kusaidia springi za nyuma ili kupunguza kasoro hiyo. Mwaka uliofuata, gari lao la gia za nusu otomatiki lilitoka likiwa na ekseli za namna mpya, na magari yaliyopelekwa Marekani yakapata ekseli hizo yote kuanzia toleo la mwaka 1969. Toleo la 1302 la mwaka 1970 na lile la 1303 la mwaka 1972 yalikuwa nazo pia.

Katika mpangilio huo mpya kila ekseli ina jointi mbili, moja penye giaboksi na nyingine penye gurudumu. Gurudumu lenyewe limeshikwa na mkono imara wa chuma uliofungwa kwenye fremu kwa pembe ya mshazari. Mkono huo ndio unaoliongoza gurudumu likipanda na kushuka, nalo hubaki karibu wima. Springi zinabaki kuwa zile fimbo za chuma zinazojisokota ndani ya bomba linalopita chini ya gari kutoka upande hadi upande.

Hata hivyo mama naye ana haki yake. Mwaka 1962 Tommy Fjastad alishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki kwa Volkswagen yenye ekseli za kale, katika barabara za vumbi na matope tunazozijua. Gari lile linaweza kuendeshwa salama na mtu anayeijua tabia yake. Marehemu aliijua. Mwanawe, aliyejifunza udereva katika magari ya siku hizi yanayosamehe makosa, hakuijua.

KAZI YENYEWE

Atakayeamua kubadili ajue kwamba si kazi ya kufunga na kufungua nati tu. Kwanza achunguze kutu. Bomba la springi na uma wa fremu unaobeba giaboksi ndivyo vitakavyobeba mzigo wote. Fundi agonge kwa nyundo ndogo, akwaruze rangi, atazame chuma kitupu. Kama chuma kimeoza, shughuli iishie hapo mpaka fremu itengenezwe.

Pili, vifaa vipatikane vyote kabla bolti moja haijafunguliwa: mikono miwili ya mshazari pamoja na beringi na bushi zake, ekseli mbili na jointi zake nne, vibao vya springi vya namna mpya, vishikizo viwili vya kuchomelea kwenye fremu, mipira ya breki, na giaboksi inayopokea ekseli hizo. Giaboksi ya zamani yaweza kubadilishwa viungo vya ndani, lakini mara nyingi ni rahisi zaidi kutafuta nzima iliyotoka katika gari la toleo la baadaye. Vifaa vingi vitaagizwa nje. Si gharama ya mshahara wa mwezi mmoja, na mke ana haki ya kuijua hesabu yote kabla shilingi ya kwanza haijatoka.

Tatu, usalama wa fundi. Kile kibao cha springi hukaa kikiwa kimekazwa kwa nguvu kubwa mno. Kikichomoka ghafla kwenye kizuizi chake chaweza kuvunja mguu wa mtu. Kishikwe kwa mnyororo na jeki, kiteremshwe polepole, na watoto wasikaribie kabisa. Kadhalika, betri ya gari hilo hukaa chini ya kiti cha nyuma. Itolewe nje kabla ya kuchomelea chochote.

Nne, na hapa ndipo kazi nyingi huharibikia, vile vishikizo vichomelewe mahali pake hasa. Vikipishana kidogo tu kushoto na kulia, gari litatembea upande kama kaa na kula tairi. Fundi mwenye busara hutumia fremu ya vipimo iliyotengenezwa kwa kazi hiyo, huvishika kwanza kwa nukta chache za moto, hupima tena kutoka pande zote mbili, ndipo achomelee moja kwa moja. Anayesema kwamba macho yake yanatosha, mshukuru na uondoke.

Tano, springi zipangwe sawasawa pande zote mbili. Fimbo ya springi ina meno 40 upande wa ndani na 44 upande wa nje. Ukisogeza jino moja ndani na jino moja nje kwa upande wa kinyume, kibao hubadilika kwa chini kidogo ya digrii moja. Kwa hiyo mtu mvumilivu anaweza kupata kimo anachokitaka, na mtu wa haraka anaweza kuliacha gari limeinama upande mmoja. Baada ya hapo breki zitolewe upepo, magurudumu yapimwe kwa mashine, gari lijaribiwe tupu bila abiria, kisha bolti zote zikazwe upya baada ya safari fupi. Lipelekwe likaguliwe, na mwenye bima ajulishwe kwa maandishi.

KAZI NUSU NI MTEGO

Ndugu msomaji, ukisahau yote, likumbuke hili moja: ama fanya kazi yote, ama usiiguse. Nimeona gari lililotiwa mikono mipya ilhali jointi zake ni mitumba zisizo na mipira ya kuzuia vumbi. Nimeona na lililochomelewa vishikizo juu ya chuma chenye kutu kilichopakwa rangi. Magari hayo ni mabaya kuliko ya zamani, kwa sababu mwenyewe anaamini kwamba sasa ni salama, naye anaongeza mwendo.

Tena ipo desturi ya kuinua nyuma ya magari haya ili yapite penye mashimo. Kwa gari lenye ekseli za kale jambo hilo ni la hatari kubwa. Rejea mfano wa mikono yako: kiwiliwili kikiinuka, viganja vimekwisha kuinama hata kabla ya kona kufika. Nilipolitazama gari la mwalimu niligundua kwamba lilikuwa limeinuliwa nyuma, naye hakujua hata ni nani aliyelifanya hivyo. Basi mama alisema kweli kwamba gari la mumewe halikuwa hivyo.

KWA ASIYE NA UWEZO

Asiye na fedha za kazi yote asikate tamaa. Arudishe kimo cha kiwanda. Atie shokapu nzuri, na matairi manne ya aina moja, ya nyuma yakijazwa upepo zaidi ya ya mbele kama kitabu cha gari kinavyoagiza. Mafundi wengine hufunga mikanda imara ya kuzuia ekseli zisishuke kupita kiasi, nayo husaidia. Zaidi ya yote, abadili uendeshaji wake. Apunguze mwendo na kukanyaga breki kabla ya kona, gari likiwa limenyoka. Ndani ya kona aweke mguu kwenye mafuta kidogo na kwa utulivu, wala asiutoe ghafla. Kanuni hizo hazigharimu senti tano.

Juzi jioni familia ile ilikaa barazani, nami nikaalikwa. Mwalimu alisoma hesabu yake yote hadharani. Mkewe aliuliza maswali mengi, akakubali kwa sharti kwamba watoto hawatapanda mpaka kazi ikamilike na kukaguliwa. Kwa sasa gari limerudishwa kimo chake cha asili, na mwalimu huliendesha peke yake hapa mjini, taratibu.

Mama alinyamaza kitambo kirefu. Kisha akauliza, "Na zile ekseli za zamani zitakwenda wapi?" Mwanawe akamjibu kwamba atazipaka grisi, azifunge kwa turubai na kuziweka darini, ili siku yoyote atakaye kulirudisha gari lilivyokuwa awe nazo.

"Vema," akasema mama. "Lakini siku litakaposhuka Soni tena, wa kwanza kukaa kando yako ni mimi. Nitajua kama bado ni gari la baba yako."

Ndugu msomaji, vifaa havijafika, na gari bado linangoja chini ya mwembe. Vikifika, na safari hiyo ikifanyika, nitakujulisha katika safu hii. Jumapili ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye redieta zetu zinazovuja. Hadi hapo, endesha salama.