Mtoto Njiti Hahitaji Kupigwa Kifua

Usiku mmoja hapa Lukenya nilibishiwa mlango na jirani yangu. Binti yake, ambaye zamani nilimfundisha biolojia, alikuwa amejifungua mtoto wa miezi saba katika zahanati, na muuguzi akasisitiza wapelekwe hospitali kubwa bila kukawia. Kitoto kiliguna kila kilipotoa pumzi, matundu ya pua yakipanuka na kifua kikibonyea chini ya mbavu. Tukiwa kati ya malori ya barabara ya Mombasa, nyanya yake akaanza kumpigapiga mgongoni ili makohozi yatoke. Mama mtoto akanigeukia: "Mwalimu, si ulitufundisha mapafu?"

Nilikuwa nimefundisha, lakini si jambo hilo. Wenzangu walimu watakubali kwamba mwaka nenda mwaka rudi tunawakaririsha vijana kuwa vifuko vya hewa vina kuta nyembamba zenye unyevu, tunatoa alama mbili, kisha tunafunga kitabu. Hatuwaambii kuwa unyevu huohuo waweza kuua. Kuta mbili zilizolowa hushikana, kama mfuko wa plastiki uliotiwa maji (namaanisha ile ya zamani, kabla ya marufuku ya 2017). Mapafu yaliyokomaa hujitengenezea dutu iitwayo sufakitanti, ambayo hupunguza mvutano huo. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 34 aghalabu hana ya kutosha, na kila pumzi kwake ni kazi ya kuanza upya. Makohozi hayamo katika kisa hiki. Isitoshe, huko Auckland, New Zealand, watoto 13 waliozaliwa mapema mno na kutunzwa kati ya 1992 na 1994 walipata madhara ya ubongo ambayo madaktari waliyahusisha na tiba ya kupigwapigwa kifua.

Upungufu wa dutu hiyo ulitambuliwa na Mary Ellen Avery na Jere Mead mwaka 1959. Hata hivyo, Patrick, mwana wa Rais Kennedy wa Marekani, alifariki Agosti 1963 akiwa na siku mbili tu, kwani tiba haikuwapo hata kwa ikulu. Mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alieleza jinsi watoto 10 walivyotibiwa kwa sufakitanti iliyotolewa katika mapafu ya ng'ombe. Sisi tuishio kando ya mashamba ya mifugo tungefaa kulijua hilo!

Wapo wanaodai dawa hiyo ipelekwe kila zahanati. Siwaungi mkono. Ni ghali mno, na hupitishwa kwa mrija hadi ndani ya koo la hewa na mikono iliyofunzwa. Ipo sindano ya bei nafuu ya kukomaza mapafu, hupewa mama kabla ya kujifungua. Liggins na Howie waliitangaza mwaka 1972, na utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa 2020, Kenya ikiwemo, ulionyesha kuwa huokoa watoto. Lakini sharti mama awe hospitalini mapema na umri wa mimba ujulikane. Binti yule hakuwa amehudhuria kliniki hata mara moja. Hakuna aliyemweleza kuwa tarehe zina maana, nami nikiwamo.

Mtoto alipewa hewa yenye msukumo kwa mashine iliyotoa mapovu katika chupa ya maji, akaishi. Swali la mamaye nitalijibu darasani muhula ujao, karai la maji na sabuni vikiwa mezani.