UKURASA WA NYUMBA: Mutoto mwanamuke mwenye kujibu



Mwezi uliopita mwalimu mmoja wa kambi yetu alileta kitabu cha picha cha watoto. Maneno yake ni ya Kiingereza, lakini mwalimu aliyageuza kwa Kiswahili, picha kwa picha. Watoto walikaa chini, sisi wakubwa tukasimama nyuma. Kitabu kile kilitoka mwaka 2020. Veronica Chambers alikiandika, Rachelle Baker akachora picha. Kinasimulia maisha ya Shirley Chisholm.

Shirley alizaliwa mwaka 1924 kule Brooklyn, Marekani. Baba alitumika katika kiwanda, mama alishona nguo, lakini feza haikutosha. Basi wakamutuma Shirley pamoja na wadogo wake kwa nkambo yao, katika kisiwa cha Barbados, ili wapate kuweka feza ya masomo. Alirudi mwaka 1934. Sisi watu wa kambi tunajua jambo hilo: watoto wangapi wa kwetu wako kwa nkambo leo?

Mwalimu akasema kwamba toka udogo Shirley alipenda kuamuru hata watoto waliomupita miaka. Baba mmoja akacheka: “Mama, huyu ni sawasawa na binti yetu! Anajibu sana.” Muke wake akamwambia polepole: “Ndiyo, Baba. Na ni yeye tulimutoa kwa masomo.”

Watu wote wakanyamaza.

Mwalimu akaendelea. Shirley alikuwa mwalimu wa watoto wadogo. Mwaka 1968 alichaguliwa, akawa mwanamuke mweusi wa kwanza katika Bunge la Marekani. Wakubwa wakamuweka katika kamati ya mambo ya kilimo, yeye aliyetoka muji usio na shamba. Alikataa waziwazi, wakamuondoa pale. Mwaka 1972 aliomba kura ili awe rais. Hakupata. Lakini njia aliifungua.

Na kwetu? Mwaka 1966 Sophie Kanza alikuwa mwanamuke wa kwanza kuwa waziri katika inchi yetu. Kwanza alimaliza masomo ya universite.

Mimi simuhukumu baba yule. Mushahara ukichelewa, na watoto wawili wakidaiwa feza ya masomo, wazazi wanachagua. Lakini tunachagua namna gani? Mara nyingi tunamuacha binti bila kuangalia hata bulletin yake. Mbele ya kumutoa mutoto, ongeeni na mwalimu, ombeni kulipa kidogo kidogo. Ikishindikana, binti asome mangaribi katika kaye za kaka yake, na kaka achote maji siku hiyo.

Wazazi wa Shirley pia walikosa feza. Waliachana na binti zao miaka mingi juu ya masomo. Masomo yenyewe hawakuyaacha.

Ulizo la kujibu nyumbani: Kwenu, nani anaambiwa “nyamaza” mara nyingi zaidi, kijana ao binti? Na ni juu ya nini?