Maneno chini ya picha ya kikwembe



Juma hili tunajibu ulizo la mabinti wawili wa ushirika wetu. Wamesema hivi: tukipiga picha ndani ya vikwembe vya sherehe na kuziweka kwenye Facebook ao kwenye statu ya WhatsApp, tuandike nini chini yake? Kila mara tunakosa maneno, tunachukua ya watu wengine.

Kuna wamama watakaosema hilo ni jambo dogo la watoto wenye telefone. Sisi tunaona si dogo. Picha ya mama aliyesimama mbele ya nyumba yake hapa Bisie inaweza kufika Goma, Kisangani na Kampala kabla sombe haijaiva. Inakwenda peke yake, mwenyewe hayuko pale kueleza. Maneno ya chini ndiyo yanamsemea. Na maneno yakisema vibaya, ni yeye atakayeulizwa, hata kama hakuyaandika.

Tuanze na kikwembe chenyewe, kwa sababu kilianza kusema zamani kabla ya telefone.

Bibi zetu wa misitu hii walivaa gome la mti lililopondwa mpaka likawa laini. Vitambaa vya wax vilikuja na biashara. Kampuni ya Vlisco, iliyoanza mwaka 1846 katika mji wa Helmond, Uholanzi, ilitengeneza vitambaa vya nta kwa kuiga batiki za Java. Lakini majina tunayoyajua hayakutoka kwa Waholanzi. Wengi wa waliovipa vitambaa majina ni wamama wafanyabiashara wa Afrika ya magharibi, zaidi wale wa soko la Lomé, Togo. Hao waliitwa Nana Benz, sababu faida ya vitambaa iliwanunulia magari ya Mercedes-Benz. Walitazama mchoro, wakafikiri maisha ya wanunuzi wao, wakatoa jina. Kitambaa kimoja kikaitwa «Mume wangu anaweza». Kingine, chenye ndege anayetoka katika tundu, kikaitwa «Ukitoka, na mimi natoka». Kingine kikaitwa «Jicho la mke-mwenzangu». Hakuna mwanamke aliyehitaji kueleza zaidi. Alivaa, akapita, ujumbe ukafika.

Hapa Kongo nasi tuna historia yetu. Wamama wazee wanakumbuka vikwembe vya SOTEXKI ya Kisangani. Wanakumbuka pia miaka ya 1970, wakati wa Mobutu, mwanamke alipokatazwa suruali na nywele za bandia, akaambiwa kikwembe ndicho vazi la mwenyeji. Wakati ule ilikuwa amri. Leo ni mapenzi yetu wenyewe. Tunavaa kikwembe kanisani, siku ya mahari, siku ya kilio, na tarehe 8 ya mwezi wa tatu tunapotembea pamoja.

Ndugu zetu wa pwani wamekwenda mbali zaidi: wao maneno yanachapwa juu ya nguo yenyewe. Kanga ina pindo pembeni, ina mji katikati, na ina jina, ule mstari wa maneno upande wa chini. Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alianza duka lake Mombasa mwaka 1887, na ndiye anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza kuweka methali kwenye kanga, mwanzoni mwa karne ya 20. Kwanza maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, baadaye kwa herufi hizi tunazotumia sisi. Mwanamke wa pwani hanunui kanga bila kusoma jina. Anajua akimpa jirani kanga yenye fumbo, jirani atasoma, na jibu litarudi juu ya kanga nyingine.

Basi hilo ndilo shauri letu la kwanza kwa mabinti: soma jina kabla ya kuvaa. Maneno unayoyaweka chini ya picha yako ndiyo jina la kanga yako. Ukiyakopa bila kuyapima, umevaa fumbo usilolijua.

Tulikaa na wanawake wawili wa mtaa mmoja waliogombana kwa jambo hilo hilo. Mmoja alipiga picha nzuri ndani ya kikwembe kipya na libaya lenye mikono mikubwa. Chini yake aliweka maneno aliyoyakuta kwenye ukurasa wa mtu asiyemjua: wenye kuangalia waangalie mpaka wachoke. Kwake yalikuwa mapambo. Lakini shemeji yake, aliyekuwa amemwomba kikwembe cha kuazima juma lililotangulia na kukikosa, aliyasoma akaona ni yeye anayesemwa. Miezi mitatu hawakusalimiana kisimani. Watoto wao wakakatazwa kucheza pamoja. Likelemba yao ikasimama, na mama mwingine ambaye zamu yake ya kupokea ilikuwa imefika akakosa pesa ya kupeleka mtoto shuleni. Huyo wa tatu hakuwa na telefone hata kidogo.

Si sisi peke yetu tunaotafuta maneno ya kuweka chini ya vazi la asili. Mabinti walituonyesha picha za wanawake wa Rajput, huko Rajasthan, India. Vazi lao linaitwa poshak: sketi pana inayoitwa ghaghra, visibau viwili vinavyoitwa kanchli na kurti, na mtandio mkubwa wa kichwa unaoitwa odhna. Kila kipande kina jina, na rangi nazo zina kazi: kuna mtandio wa manjano ambao mama aliyejifungua anapelekewa na wazazi wake. Anayelijua vazi lake hivyo hakosi la kuandika. Akisema tu «Huu ni mtandio niliopewa na mama nilipojifungua», amemaliza. Binti wa Bisie naye anaweza. Maneno mazuri yako tayari ndani ya kikwembe, ni kuyauliza tu.

Kiulize hivi. Kikwembe hiki kinaitwaje? Nani alininunulia, ao nilikilipa kwa kazi gani? Nani alikishona? Nilikivaa siku gani? Mtu anayejibu ulizo moja tu kati ya hayo amekwisha kupata mstari wake. Hapa kuna mifano tuliyotunga pamoja katika mkutano. Muichukue, lakini mugeuze iwe yenu.

Kwa sherehe ya 8 Machi: «Tumevaa namna moja kwa sababu tumebeba mzigo mmoja.» Ao: «Kikwembe hiki nilikilipa kwa mihogo yangu, franka moja moja.»

Kwa mahari na ndoa: «Mama alikiweka sandukuni tangu nilipokuwa mtoto. Leo kimetoka.» Ao: «Wamama wa pande mbili, kitambaa kimoja.»

Kwa mtoto aliyezaliwa: «Kikwembe cha kwanza kumbeba ni cha bibi yake.»

Kwa binti aliyemaliza kujifunza kushona: «Mkono uliokata ni wangu, mkono uliosahihisha ni wa mwalimu wangu.»

Kwa mama mzee: «Huyu ndiye mama aliyetulea. Kitambaa cha kichwa amekifunga mwenyewe.»

Kwa kilio: jina la marehemu, siku aliyotuacha, na shukrani kwa waliokuja. Basi. Vikwembe vya kilio havitafutiwi sifa.

Angalieni: hakuna hata mfano mmoja unaomshinda mtu. Kikwembe kinaweza kukupa heshima bila kumwondolea mwenzako yake.

Shauri la pili ni la usalama, na hapa tunaomba wamama wenye mabinti wasikilize vizuri. Sisi tunakaa mahali pa mgodi. Watu wanakuja kwa kasiterite, pesa inapita, na si kila anayepita anatutakia mema. Usiandike chini ya picha kwamba kesho munatoka na mali kwenda Ndjingala. Usiandike kwamba leo ni zamu yako ya likelemba. Usiandike kwamba baba yuko safarini na nyumba ina watoto peke yao. Kama ni safari, weka picha mukisha fika. Kama ni pesa, usiiweke kabisa. Binti aliyevaa vizuri asiandike anakaa wapi ao anapita njia gani saa ya jioni. Uzuri wake unaonekana bila anwani.

Munajua sababu. Mwezi wa tatu wa mwaka 2025, vita vilipokaribia, kampuni ya Alphamin ilitangaza tarehe 13 kusimamisha kazi ya mgodi hapa Bisie, na siku chache baadaye, tarehe 19, waasi wa M23 waliingia Walikale-centre. Kazi ya mgodi ilianza kurudi mwezi wa nne, lakini familia nyingi zilikuwa zimekwisha kutawanyika. Katika wakati kama ule, mstari mmoja wa kusema nani yuko wapi unaweza kumfikia mtu asiyetakiwa kuujua.

Lakini wakati ule ule ulitufundisha upande mwingine. Mama akikimbia anabeba mtoto, sufuria na kikwembe. Picha za ukutani zinabaki. Nyumba ikiporwa, hazirudi. Kwa familia zingine picha pekee ya bibi ni ile mjukuu aliyoiweka kwenye telefone. Na picha ile, kama haina jina chini yake, baada ya miaka kumi itakuwa picha ya mama mmoja mzee ndani ya kikwembe cha bluu. Watoto watauliza ni nani, na anayejua hatakuwepo.

Kwa hiyo, pamoja na tahadhari yote tuliyosema, jina la mtu lisikosekane. Kama munaogopa kuliweka mbele ya watu wote, muliandike katika picha munazotumiana ndani ya jamaa, ao muliandike ndani ya daftari: jina lake, jina la mama yake, kijiji alichozaliwa, kikwembe kilitoka kwa nani. Mistari minne. Haichukui muda kuliko kuosha sahani.

Shauri la tatu ndilo tunalolishikilia kuliko yote. Wamama wengi wa ushirika wetu hawakubahatika kwenda shule. Mabinti wanawapiga picha, wanaandika maneno, wanatuma, na mama anajua habari hiyo sokoni, watu wakimcheka ao wakimsifu. Hata sifa hiyo si nzuri, maana hakuiomba. Mama mmoja alituambia kwamba alipongezwa na wageni kwa maneno ya kumsifu mume wake, na mume mwenyewe alikuwa amemwacha zamani na kuoa mahali pengine. Mtoto aliandika kwa mapenzi. Mama alilia kwa aibu.

Mama asiyejua kusoma ana haki ya kujua kilichoandikwa chini ya sura yake. Binti, kabla ya kutuma, keti karibu naye. Mwonyeshe picha. Msomee maneno kwa sauti, kwa lugha anayoisikia vizuri, na kama ni Kinyanga ao Kikumu, basi kwa lugha hiyo. Umwulize: mama, niandike hivi? Akisema hapana, ni hapana. Akisema ngoja, ngoja. Na mara nyingi atakachokuambia yeye kitakuwa kizuri kuliko ulichokuwa umetunga. Atasema kikwembe hiki nilikipata mwaka ule nilipomzaa kaka yako. Atasema fundi aliyekishona alikufa. Atasema sikipendi hiki, piga picha na kile kingine. Hayo ndiyo maneno. Wewe kazi yako ni mkono.

Na wamama, nasi tusiwe wepesi kukasirika. Tukiona maneno yanayotuchoma chini ya picha ya mwenzetu, tumwulize kwanza yeye mwenyewe, uso kwa uso, kabla ya kuuliza majirani. Nusu ya mafumbo tunayosoma kwenye telefone hayakutungwa kwa ajili yetu.

Kwa mkutano ujao tunaomba kila mmoja alete kikwembe kimoja anachokipenda, hata kama kimezeeka, hata kama sasa kinabeba mtoto mgongoni. Atasimama aeleze kilitoka wapi. Mabinti wenye telefone watapiga picha, na wanaojua kuandika watawaandikia wasiojua, neno kwa neno, kama wamesemewa. Atakayependa picha yake itoke katika gazeti letu atasema. Asiyependa, picha itabaki yake, na daftari litatunza maneno.

Mukae na amani. Tutaonana juma lijalo, tutasema habari ya sabuni ya mawese na bei yake sokoni.