Nyumbani ni Wapi, Mama?

Huku Sumbawanga, baridi ya Juni na Julai hutufanya tugombee nafasi karibu na jiko.

Sisi wauguzi tumezoea kumwuliza kila mgonjwa anayelazwa: "Nyumbani ni wapi?" Wengi hujibu upesi: Laela, Matai, Namanyere, Kirando. Lakini mama mmoja mzee alitutazama, akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Kwa mume wangu au kwangu?" Swali hilo tulirudi nalo nyumbani jioni ile.

Tulimkumbuka Mwalimu Julius Nyerere. Huyu alizaliwa Butiama mwaka 1922. Alisoma Tabora na Makerere, kisha Edinburgh huko Uskoti kuanzia 1949 hadi 1952. Alifundisha Pugu. Mwaka 1955 alikwenda Umoja wa Mataifa, New York, kuisemea nchi yetu. Alipokuwa Rais alipokewa katika miji mikubwa ya dunia. Hata hivyo, alipong'atuka mwaka 1985, alirudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Hatuna haja ya kuuliza alipapenda wapi zaidi. Miguu yake imekwisha kutujibu.

Lakini akina mama, tumtazame na Mama Maria. Walifunga ndoa mwaka 1953. Miaka miwili tu baadaye mumewe aliacha ualimu kwa ajili ya TANU, na mshahara ukakoma. Mama Maria aliendesha duka dogo ili watoto wale. Pugu, Magomeni, Msasani, Butiama: kila mahali tunapopataja kuwa pa Mwalimu, palikuwa na mama aliyefunga mizigo na kuifungua, akatafuta maji na kuwasha moto. Sisi nasi tunaijua kazi hiyo.

Nyumbani kwetu jambo hili lilileta ubishi. Baba watoto alipokaribia kustaafu alitaka tuuze nyumba ya mjini, tukajenge kijijini kwao, chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa. Upande wetu tulikataa. Tulinuniana karibu mwezi mzima, hata watoto wakawa wanaongea kwa kunong'ona.

Jioni moja tulikuwa tukichambua maharage, naye akavuta kigoda akaketi. Badala ya kusema "Hatuendi", tulimwuliza: "Baba, kule unapapendea nini?" Alikaa kimya, kisha akasema kaburi la mama yake limeota majani, naye hajawahi kulijengea. Tukamwambia na ya kwetu: tunaogopa siku moja tubaki wajane katika kijiji cha ukoo wake, tukiwa hatuna jina kwenye karatasi yoyote. Tuliona kwamba mwezi mzima hatukuwa tukigombania nyumba. Yeye alikuwa na deni kwa mama yake, sisi tulikuwa na hofu.

Tukapatana. Nyumba ya mjini haikuuzwa, na kaburi lilijengewa kabla ya mvua. Kijijini tulijenga vyumba viwili tu, na kiwanja kikaandikwa majina yetu sote wawili.

Mama, jua haki yako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume wala mke kuuza nyumba ya ndoa au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinaruhusu mume na mke kuandikishwa pamoja. Kuomba jina lako liandikwe si kumtakia mumeo kifo. Ni kumsaidia atunze familia yake hata asipokuwepo.

Usingoje ugonjwa. Wodini tumeona ndugu wakibishana kwa sauti juu ya mahali pa kumpeleka mtu ambaye bado anapumua na anawasikia. Mwulizeni angali na nguvu za kujibu. Nawe sema ya kwako, kwani mwanamke naye ana mahali anapopapenda.

Yule mama mzee tulimwambia ataje mahali anapopataka mwenyewe. Akatabasamu. "Basi andika Chala," akasema, "kwa mama yangu." Tukaandika Chala.

Tukutane mwezi ujao. Mungu azibariki nyumba zenu.