Alhamdulillahi si Stakabadhi



Kila wakubwa wanapozuru hospitali za kisiwa hiki, huinamia kitanda cha mgonjwa wakamuuliza, "Mzee, mwahudumiwa vyema?" Naye mzee hujibu, "Alhamdulillahi." Jawabu hilo huandikwa, na jioni twaambiwa redioni kwamba wagonjwa wameridhika.

Twasema wazi kwamba huko si kuridhika. Muislamu hufunzwa tangu chuoni kumshukuru Mola wake katika afya na katika maradhi. Anapotamka neno lile amemshukuru Muumba. Hakuitilia Wizara saini ya stakabadhi.

Na wanaodhulumiwa mno kwa jawabu hilo ni wenye maradhi ya sukari. Mwenye homa hupewa dawa, akapona, akasahau. Huyu atahitaji dawa na vipimo mpaka mwisho wa umri wake, na akivikosa hapigi kelele. Sukari hupanda kimyakimya, miguu ikafa ganzi, akakanyaga mwiba asihisi. Na siku anapoliona donda, pengine huwa ni donda la kukatwa mguu. Macho na figo nazo hupita njia hiyo hiyo.

Mwandishi wa maneno haya ni mwenye duka, na sukari naiuza (msinicheke, mtu hula kwa biashara yake). Daftari langu la mikopo lanifunza zaidi ya ripoti nyingi. Yumo mteja ambaye kila mwezi hukopa nauli ya kwendea kliniki. Huondoka baada ya sala ya alfajiri, tumbo tupu, kwa kuwa ameamrishwa apimwe damu kabla ya kula. Hurudi magharibi yaadhiniwa, karatasi mkononi: vijiti vya kupimia vimekwisha, dawa akanunue nje. Vidonge vilivyosalia huvikata nusu ili vimfikishe mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza hali, alinijibu nini? Alhamdulillahi. Nauli ile hajailipa, wala simdai.

Huyo ana barabara mlangoni. Mtu wa Kojani hana budi avuke maji kwanza ndipo aitafute gari.

Na mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini hana hata kidonge cha kukata nusu. Bila ya sindano kila siku, hufa. Dawa hiyo si ngeni. Iligunduliwa Toronto mwaka 1921, na mwaka 1923 Banting, Best na Collip waliiuzia chuo kikuu cha mji huo haki yao kwa dola moja kila mtu, isije ikawa mali ya mfanyabiashara mmoja. Tangu 1977 imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Zaidi ya miaka mia imepita, na mzazi wa kijijini angali aisaka dawa hiyo mjini kwa fedha za kukopa.

Tutaambiwa kwamba insulini yataka baridi, na vijijini hapana pa kuiweka. Hoja hii yashangaza. Chanjo nyingi za watoto huhifadhiwa baina ya digirii 2 na 8. Chupa ya insulini ambayo haijafunguliwa nayo huhifadhiwa baina ya digirii 2 na 8. Basi palipo na jokofu la chanjo pana pembe ya kuwekea chupa chache, zikatengwa na kuandikwa zisichanganyike. Kilichokosekana hapo ni amri tu.

Twataka dawa za sukari na vijiti vya kupimia vigawiwe katika kituo cha kijiji, na siku vinapokosekana tarehe iandikwe ubaoni kila mtu aisome.

Kwa upande wetu, kila katibu wa tawi afungue daftari. Aandike, bila ya kutaja jina la mtu, siku mgonjwa aliyokwenda, nauli aliyotoa, saa alizongoja, alichopewa na alichoambiwa akanunue. Asimuulize kama ameridhika. Madaftari yaletwe afisi kuu kabla ya kwisha mwezi huu, nasi tutayachapa hapa tarakimu kwa tarakimu.

Mhariri